Kufunga na Kubana Faili kwa Amri ya tar

Amri ya `tar` hukusanya faili na folda nyingi na kuzifanya faili moja, ambayo katika mwongozo huu inaitwa furushi. Furushi hubeba yaliyomo katika kila faili pamoja na jina lake, mahali pake ndani ya folda, tarehe ilipobadilishwa mara ya mwisho na ruhusa zake. Kubana ni kazi nyingine. Ni kupunguza idadi ya baiti, na hufanywa na programu ya pili kama `gzip` au `xz`, ambayo `tar` huiita yenyewe ikiombwa. Anayezitenganisha kazi hizi mbili tangu mwanzo hasumbuliwi na herufi za amri zinazofuata.

Mfano unaotumika hapa ni wa Kabati, mji wa soko wa Kitui Magharibi ulio kwenye barabara itokayo Kitui kwenda Migwani. Katika mji wa kiasi hicho, rekodi za watu wengi hukaa kwenye kompyuta chache: ya saiba inayojaza fomu za KRA na HELB, ya katibu wa shule, ya kamati ya maji. Kitui ni kaunti ya mabwawa ya mchanga, zile kuta zinazojengwa kukatiza mito ya msimu ili mchanga ujae nyuma yake na maji yahifadhike ndani ya mchanga huo. Shirika la SASOL la huko Kitui limekuwa likiyajenga pamoja na wananchi tangu miaka ya 1990. Basi tuchukue kamati ya bwawa la namna hiyo, yenye folda iitwayo `mvua`. Ndani yake mna vipimo vya mvua vya kila msimu (`2023-vuli.csv`, `2024-masika.csv` na kadhalika), kumbukumbu za mikutano na picha za ukuta.

Kwa nini kufunga kabla ya kunakili

Sababu ya kwanza ni flashi yenyewe. Kunakili maelfu ya faili ndogo kwenye flashi huchukua muda mrefu kuliko kunakili faili moja yenye uzito uleule, kwa sababu kila faili huandikiwa nafasi yake kwenye orodha ya flashi. Flashi nyingi pia hutumia mfumo wa FAT32, ambao hautunzi ruhusa za faili za Linux. Faili zikiwa ndani ya furushi, ruhusa hizo husafiri salama kwenye flashi yoyote.

Sababu ya pili ni uhakika. Faili moja huweza kupimwa kwa alama moja ya utambulisho na kuthibitishwa kwamba imefika bila kupungua. Folda yenye faili 900 haina njia rahisi namna hiyo, na mtu hugundua kuwa faili ya msimu wa 2019 haikunakiliwa siku ile anayoitaka.

Ya tatu ni bando. Data inaponunuliwa kwa megabaiti, folda ya maandishi iliyobanwa vizuri hupakiwa kwa sehemu ndogo tu ya gharama.

Kompyuta ipi inafaa

Kompyuta za Linux kama Ubuntu, Debian na Mint huwa na `tar` tayari, ile ya mradi wa GNU. Kompyuta za Mac zina `tar` ya aina nyingine iitwayo bsdtar. Windows 10 ilianza kuja na bsdtar hiyohiyo mwaka 2018, na Windows 11 inayo pia. Hufunguliwa kupitia Command Prompt au PowerShell. Windows 7, ambayo bado ipo kwenye kompyuta nyingi kuukuu, haina, na hapo programu ya bure ya 7-Zip ndiyo hutumika. Kwenye simu ya Android, programu ya Termux hutoa teminali kamili.

Kujua ni aina gani iliyopo, amri ni hii:

```
tar --version
```

Jibu likianza na `tar (GNU tar)` au `bsdtar`, jambo limejulikana. Amri za kawaida ni zilezile kwa zote mbili, na panapotofautiana patatajwa.

Herufi zinazotosha kwa kazi za kila siku

`c` huunda furushi jipya.
`x` hulifungua furushi na kutoa faili.
`t` huorodhesha yaliyomo bila kuyatoa.
`f` hutangulia jina la furushi.
`v` hutaja kila faili inapopita.
`z` hubana kwa gzip. `j` ndogo kwa bzip2. `J` kubwa kwa xz.

Herufi inayoleta hasara kubwa kuliko zote ni `f`. `tar` ilitoka na toleo la saba la Unix, Januari 1979, wakati faili za akiba zilikuwa zikiandikwa kwenye kanda za sumaku. Isipopewa `f`, ilielekea kwenye mashine ya kanda. Ikipewa `f`, neno linalofuata papo hapo, liwe lipi, ndilo huchukuliwa kuwa jina la furushi la kuandikwa. Kwa hiyo `f` hukaa mwisho wa herufi, na jina la furushi huifuata bila kitu kingine katikati.

TAHADHARI KUBWA
Amri ifuatayo huharibu rekodi:

```
tar -czf 2021-vuli.csv 2022-vuli.csv 2023-vuli.csv
```

Mwandikaji amesahau kutaja jina la furushi. `tar` inaichukua `2021-vuli.csv` kuwa furushi, inaifuta na kuandika mahali pake furushi la faili mbili zilizobaki. Haiulizi wala haionyi. Mwaka mzima wa vipimo umekwenda. Hali huwa hiyohiyo mtu anapoandika `tar -czf *.csv`, kwa kuwa teminali huipanua nyota kuwa majina ya faili zote, na jina la kwanza ndilo linaloangamia.

Kosa la jamaa yake ni `tar -cfz mvua.tar.gz mvua`. Hapa `f` imefuatwa na `z`, basi furushi linaundwa kwa jina la `z`, bila kubanwa, na `tar` inalalamika kwamba haioni faili iitwayo `mvua.tar.gz`. Hasara hapa ni ndogo. Faili iitwayo `z` hufutwa na amri ikaandikwa upya.

Kuunda furushi, hatua kwa hatua

1. Fungua teminali na uingie kwenye folda inayobeba `mvua`, si ndani ya `mvua` yenyewe. Mtu akifunga akiwa ndani, faili zitatoka bila folda yake na kutapakaa siku zitakapofunguliwa.

```
cd ~/Documents
ls
```

2. Pima uzito wa folda, ili ujue kama diski ina nafasi na kama kubana kumesaidia.

```
du -sh mvua
```

3. Unda furushi. Jina libebe tarehe, mwaka ukitangulia, ili mafurushi yajipange yenyewe kwa mfuatano. Nafasi kati ya maneno ya jina iepukwe, kistari kinatosha.

```
tar -czvf mvua-2025-06-30.tar.gz mvua
```

4. Tazama orodha ya yaliyomo. Kila jina linapaswa kuanza na `mvua/`.

```
tar -tzf mvua-2025-06-30.tar.gz
```

5. Lifungue furushi kwenye folda ya majaribio na ulinganishe na asili.

```
mkdir jaribio
tar -xzf mvua-2025-06-30.tar.gz -C jaribio
diff -r mvua jaribio/mvua
```

`diff` isiposema lolote, kila faili imetoka sawa na asili yake. Ikisema, itaitaja faili yenye kasoro.

6. Andika alama ya utambulisho ya furushi kwenye faili ndogo ya pembeni.

```
sha256sum mvua-2025-06-30.tar.gz > mvua-2025-06-30.sha256
```

Kwenye Windows kazi hiyo hufanywa na `certutil -hashfile mvua-2025-06-30.tar.gz SHA256`, na herufi zinazotokea zinakiliwe mahali.

7. Nakili faili zote mbili kwenye flashi, andika `sync`, subiri hadi teminali irudi, kisha itoe flashi kwa utaratibu.

8. Ichomeke flashi tena, ingia kwenye folda yake na uhakikishe.

```
sha256sum -c mvua-2025-06-30.sha256
```

Jibu la `OK` lina maana furushi lililo kwenye flashi ni lilelile, baiti kwa baiti.

Hatua ya nane huonekana ya kupoteza wakati, hasa ile ya kuitoa flashi na kuirudisha. Kuna sababu. Kompyuta ikishanakili faili, huibakiza kwenye kumbukumbu yake ya muda. Ikiulizwa mara hiyo hiyo, huweza kuisoma kutoka kumbukumbu hiyo badala ya kuisoma kutoka kwenye flashi, na flashi mbovu ikapita mtihani. Mahali ambapo stima hupotea bila taarifa, na flashi za bei nafuu ziko kila duka la simu, dakika moja ya kuichomeka tena inastahili kutumika kila mara.

Faili zisizotakiwa huachwa nje kwa `--exclude`, ambayo huandikwa kabla ya jina la folda:

```
tar -czf mvua-bila-video.tar.gz --exclude='*.mp4' mvua
```

Kipi hubanika na kipi hakibaniki

Vipimo vya mvua vya Julai 2024 kwenye faili ya CSV huwa hivi:

```
2024-07-03,Kabati,0.0
2024-07-04,Kabati,0.0
2024-07-05,Kabati,0.0
```

Julai ni kiangazi Ukambani. Mistari thelathini na mmoja inafanana isipokuwa tarakimu moja au mbili. `gzip`, iliyotolewa na Jean-loup Gailly na Mark Adler mwaka 1992, hutafuta marudio ya namna hiyo. Hutazama nyuma hadi kilobaiti 32, na inapoona mfuatano uliokwisha kupita huandika tu umbali wa kurudi nyuma na urefu wa kunakili. Kisha alama zinazotokea mara nyingi hupewa misimbo mifupi, na zinazotokea kwa nadra hupewa mirefu. Rekodi ya nchi kavu, yenye sifuri nyingi, hubanika kuliko rekodi ya mahali penye mvua za kila wiki. Maandishi, orodha za majina, kurasa za HTML na hifadhidata zilizotolewa kama maandishi hubanika hivyohivyo.

Picha za JPEG hazibaniki. Zilishabanwa na kamera zilipopigwa, na marudio yote yakaondolewa. Ndivyo zilivyo pia video za MP4, nyimbo za MP3 na faili nyingi za PDF. Hata faili za DOCX na XLSX ni zip kwa ndani. Kuzipitisha kwenye gzip ni kuichosha kompyuta bure, na mara nyingine faili huongezeka kidogo. Folda ya picha tupu hufungwa bila kubanwa:

```
tar -cf picha-ukuta-2025.tar picha
```

Lipo jambo dogo linalowashangaza wengi hapa. Faili yenye herufi moja tu, ikifungwa na GNU tar bila kubanwa, hutoa furushi la baiti 10,240. Hakuna kilichoharibika. `tar` hupanga kila kitu kwa vipande vya baiti 512: kipande kimoja cha maelezo ya faili, kimoja au zaidi vya yaliyomo, viwili vitupu vya kufunga, kisha hujaza hadi vipande 20 kamili. Ni desturi iliyobaki tangu enzi za kanda. Vipande hivyo vya ziada vimejaa sifuri, basi furushi likibanwa karibu vyote hupotea.

Kuhusu programu za kubana, uchaguzi si mgumu kama unavyodhaniwa.

*gzip* (`z`, mwisho wa jina `.tar.gz`). Ina kasi, hutumia kumbukumbu ndogo, na hufunguka popote penye `tar`. Ndiyo ya kuanzia, na kwa kazi nyingi za ofisi ndiyo ya kumalizia.

*bzip2* (`j`, `.tar.bz2`). Ilitolewa na Julian Seward mwaka 1996. Hubana zaidi ya gzip kwenye maandishi lakini ni nzito. Siku hizi inatosha kujua namna ya kuifungua mtu akiletewa.

*xz* (`J`, `.tar.xz`). Hubana sana, kwa kuwa hutazama nyuma megabaiti kadhaa badala ya kilobaiti 32. Hulipwa kwa muda na kumbukumbu. Kwenye kompyuta kuukuu furushi kubwa huweza kuchukua muda mrefu. Inafaa kwa rekodi za mwaka mzima zitakazobanwa mara moja na kupakiwa kwa bando. Matoleo ya xz 5.6.0 na 5.6.1 yaligunduliwa Machi 2024 kuwa yalipachikwa mlango wa siri na mtu aliyejipenyeza kwenye mradi. `xz --version` huonyesha toleo lililopo, na likiwa mojawapo ya hayo mawili lisasishwe mara moja.

*zstd* (`--zstd`, `.tar.zst`). Ilitoka Facebook mwaka 2016 na ina kasi kubwa sana. Haiko kwenye kila kompyuta ya zamani, basi itumike pale ambapo mfungaji na mfunguaji wote wanajulikana kuwa nayo.

Kutuma furushi

Kabla ya kutuma, ni vizuri kujua mpokeaji atafungulia nini. Afisa anayetumia Windows ya zamani, au mzazi anayetumia simu, hufungua zip kwa urahisi na hukwama kwenye `.tar.gz`. Kwa watu hao zip ni heshima. Kwenye Linux amri ni `zip -r mvua.zip mvua`. Kwenye Windows, bsdtar huweza kuitengeneza yenyewe:

```
tar -a -cf mvua.zip mvua
```

Amri hii ya pili isitumike kwenye Linux. GNU tar haijui kutengeneza zip. Itaunda furushi la kawaida lisilobanwa na kuliita `mvua.zip`, na mpokeaji ataambiwa faili imeharibika.

Gmail hupokea viambatisho vya hadi megabaiti 25 kwa barua moja, na faili huongezeka kwa takriban theluthi moja inapogeuzwa kusafiri kwa barua pepe. Furushi linalozidi kiasi hicho hukatwa vipande vya megabaiti 15:

```
split -b 15M -d mvua.tar.gz mvua.tar.gz.sehemu-
```

Vipande huitwa `sehemu-00`, `sehemu-01` na kuendelea. Mpokeaji huviunganisha kwa `cat mvua.tar.gz.sehemu-* > mvua.tar.gz`. Kwenye Windows, akiwa Command Prompt, huandika `copy /b mvua.tar.gz.sehemu-00+mvua.tar.gz.sehemu-01 mvua.tar.gz`. Alama ya `/b` ikiachwa, faili huweza kukatwa. Mbinu hiyohiyo ya `split`, kwa vipande vya `3G`, huokoa furushi kubwa linaloelekea kwenye flashi ya FAT32, ambayo haikubali faili moja ya gigabaiti 4 au zaidi.

WhatsApp hupokea hati za hadi gigabaiti 2. Picha za ukuta wa bwawa zikitumwa kama picha za kawaida, WhatsApp huzipunguza ubora, na ufa mwembamba kwenye zege huenda usionekane tena. Zikifungwa kwenye furushi na kutumwa kama hati, hufika zilivyopigwa. Fundi anayekagua ukuta akiwa mbali anahitaji picha za namna hiyo.

Rekodi zenye siri

`tar` haifichi chochote. Yeyote anayeokota flashi huisoma. Furushi la saiba lenye nakala za vitambulisho, PIN za KRA na barua za HELB za wateja ni mali ya watu wengine. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka anayeshikilia taarifa za watu azilinde. Taarifa hizo zikivuja na kukiwa na hatari ya kweli kwa wenyewe, Kamishna wa Data huarifiwa ndani ya saa 72. Furushi la aina hiyo hufungwa kwa nenosiri kabla halijagusa flashi:

```
tar -czf - wateja | gpg -c -o wateja-2025-06-30.tar.gz.gpg
```

Kistari baada ya `f` hupeleka furushi moja kwa moja kwa `gpg`, bila kuacha nakala ya wazi kwenye diski. Kulifungua:

```
gpg -d wateja-2025-06-30.tar.gz.gpg | tar -xzf - -C jaribio
```

Nenosiri likisahauliwa hakuna ofisi wala fundi wa kulirudisha. Liandikwe kwenye karatasi na kuwekwa mahali tofauti na flashi, pawe na mtu wa pili anayepajua. Kwenye Windows, 7-Zip hufanya kazi hii kwa kutumia AES-256. Nenosiri la zip ya mtindo wa zamani, ambalo ndilo `zip -e` hutoa, ni dhaifu na halifai kwa taarifa za watu.

Kufungua furushi lililoletwa

Furushi lililotoka kwa mtu mwingine hutazamwa kabla ya kufunguliwa. `tar` inapotoa faili huandika juu ya faili yenye jina hilohilo bila kuuliza, na rekodi mpya huweza kufunikwa na ya zamani.

1. Orodhesha: `tar -tf jina-la-furushi`. Inaposoma, `tar` hutambua yenyewe aina ya ubanaji, basi `z` au `J` si lazima.
2. Angalia kama kila jina linaanza na folda moja. Yakiwa matupu, faili zitatapakaa zitakapotoka.
3. Angalia kama kuna majina yanayoanza na `/` au yenye `../`. Hayo hujaribu kuandika nje ya folda iliyochaguliwa. GNU tar huyazuia kwa kawaida, lakini mfungaji aulizwe kwa nini yamo.
4. Unda folda tupu, kisha fungua humo: `mkdir mpya`, halafu `tar -xf jina-la-furushi -C mpya`.
5. Ukilazimika kufungua mahali penye faili nyingine, ongeza `-k`, na faili zilizopo hazitaguswa.

Kutoa faili moja tu, jina lake huandikwa kama lilivyo kwenye orodha:

```
tar -xf mvua-2025-06-30.tar.gz mvua/2024-masika.csv
```

Furushi linapogoma

Ujumbe wa `unexpected end of file` una maana furushi limekatika kabla ya mwisho: bando liliisha likipakuliwa, au flashi ilichomolewa mapema. Dawa ni kulileta tena kutoka asili. Ujumbe wa `not in gzip format` mara nyingi ni jina lisilolingana na yaliyomo. Amri ya `file jina-la-furushi` husema ni aina gani hasa. Mara nyingine huonyesha kwamba kilichopakuliwa ni ukurasa wa kuingia kwenye akaunti, si furushi.

Baiti zikiharibika katikati ya `.tar.gz`, yaliyotangulia huweza kuokolewa, lakini yanayofuata kwa kawaida hupotea, maana gzip huyategemea yaliyopita ili kuyafungua yajayo. Furushi lisilobanwa huvumilia zaidi: `tar` huruka sehemu mbovu na kuitafuta faili inayofuata. Kwa sababu hiyo rekodi zisizo na nakala nyingine popote ni bora zifungwe bila kubanwa, zikiwa kwenye flashi mbili, hata kama zitakula nafasi.

Ratiba

Ukambani mvua za vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, ndizo wakulima hutegemea zaidi. Kamati hufanya vyema kufunga furushi mara mbili kwa mwaka: Juni baada ya masika, na Januari vuli ikiisha. Ofisi ya shule itafuata mihula. Saiba yenye kazi za kila siku huhitaji furushi la kila jioni, na hilo huweza kuandikwa kwenye `crontab` ili kompyuta ijifanyie:

```
0 18 * * 1-6 tar -czf /home/saiba/akiba/kazi-$(date +\%F).tar.gz -C /home/saiba kazi
```

Alama ya `\` kabla ya `%` isiachwe. Ndani ya crontab asilimia tupu hukatisha amri. Kompyuta ikiwa imezimika saa kumi na mbili jioni kwa kukosa stima, kazi hiyo hupita bila kufanywa na hairudiwi ikiwashwa, basi folda ya `akiba` itazamwe kila Jumatatu. Mafurushi hayo pia hukaa kwenye diski ileile ya asili, na diski ikifa hufa pamoja nayo. Moja la kila wiki litoke nje ya jengo.

Kabla ya kufuta folda asili, hakikisha:

☐ Furushi limefunguliwa kwenye kompyuta ya pili, si ile lililofungiwa.
☐ `diff -r` imenyamaza, au idadi ya faili na uzito wake vimelinganishwa.
☐ Alama ya sha256 imekubali kwenye kila flashi baada ya kuchomekwa upya.
☐ Nakala ni mbili, na haziko chumba kimoja.
☐ Nenosiri, kama lipo, limejaribiwa na mtu wa pili.

Kisanduku kimoja kikibaki kitupu, folda isifutwe.